Mchezo unaoua: kipi cha riwaya, kipi cha kwenye simu

Bunilizi za giza kuhusu vijana na mchezo wa mtandaoni zina mifupa ileile. Wanafunzi watano wa kidato cha tatu, tuwaweke Nkuhungu hapa Dodoma, wanarushiana faili la gemu kwenye grupu la WhatsApp. Gemu lenyewe halipo Play Store, na ndiyo raha yake. Usiku wa kwanza linawaita kwa majina yao halisi. Usiku wa tatu linamtaja mama wa mmoja wao. Linawaona kwa kamera, linawapa kazi, kazi zinazidi ukali, anayegoma anaadhibiwa. Mtu anakufa, na polisi wakiifuata seva wanakuta haina mwenyewe.

Ukiichambua riwaya ya namna hiyo kipande kwa kipande, utakuta mengi yake yanafanyika leo kwenye simu ya kawaida yenye bando la wiki. Kinachokosewa ni nani anayeyafanya. Mwandishi huipa mashine uwezo wote, kwa sababu mashine inatisha zaidi. Kwenye matukio ya kweli kuna mtu, mwenye laini kadhaa na muda mwingi, anayetumia ruhusa aliyoibonyeza mtoto mwenyewe, namba ya simu aliyoitoa mtoto mwenyewe, na siri ambayo mtoto anaogopa kuifikisha nyumbani.

Hakuna faili la kufuta

Mchezo uliotisha dunia kuliko yote ya aina hii, Nyangumi wa Bluu, ulivuma kuanzia Mei 2016, gazeti la Novaya Gazeta la Urusi lilipoandika kuhusu magrupu ya mtandao wa VKontakte na vifo vya vijana. Simulizi ikawa hii: siku 50, kazi 50, msimamizi asiyeonekana, na kazi ya mwisho ni kujiua. Mwaka 2017 mahakama ya Urusi ilimfunga miaka mitatu na miezi minne kijana mmoja aliyeendesha magrupu ya namna hiyo, kwa kosa la kuwachochea wasichana wajiue. Hilo lilitokea. Ila ile idadi kubwa ya vifo iliyozunguka mitandaoni haikuwahi kuthibitishwa kuwa imetokana na mchezo wowote. Waandishi wengine walioifuatilia waliona jambo lililogeuzwa kichwa chini: vijana waliokwisha kata tamaa ndio waliokuwa wakiyatafuta magrupu hayo.

Mwaka huohuo bodi ya filamu ya Kenya ilitangaza kuupiga marufuku. Utekelezaji ulikuwa mgumu kwa sababu moja ya kiufundi: Nyangumi wa Bluu haukuwa programu. Hapakuwa na faili la kuondoa wala seva ya kuzima. Yalikuwa mazungumzo ya mtu na mtu, yanayoweza kufanyika hata kwa meseji za kawaida.

Momo ni kisa kingine, cha sura iliyodaiwa kuwatumia watoto amri za kujidhuru. Ile sura ya mwanamke mwenye macho makubwa ilikuwa sanamu ya msanii wa Kijapani Keisuke Aiso, iliyoonyeshwa Tokyo mwaka 2016, ikaja kuoza na kutupwa mwaka 2018. Februari 2019, hofu ilipopamba moto Uingereza, mashirika ya huko yanayohudumia watoto na watu wenye mawazo ya kujiua, NSPCC na Samaritans, yalisema hayakuona ushahidi wa mtoto aliyedhurika na "changamoto" hiyo. Lililowafikia watoto wengi ni onyo lenyewe, na picha yake juu.

Kwa hiyo mzazi anayepekua simu akitafuta gemu lenye jina la kutisha anapoteza muda. Hatari inaweza kuwa imekaa kwenye gemu halali kabisa, Free Fire au lingine, ndani ya kisanduku cha kuchati.

Linajuaje jina la mama?

Hapa ndipo watoto wengi huamini kweli wamekutana na kitu chenye nguvu zisizo za kawaida. Meseji ya kwanza huwa ya kirafiki, ikiahidi daimondi, yaani sarafu ya ndani ya gemu:

"Oya dogo, unacheza freshi sana. Nitupie namba nikurushie daimondi za bure."

Dakika tano baadaye, mtoto akichelewa kutii anachotakiwa: "Neema Mazengo ndo mama ako eeh? Nimpigie?"

Hakuna udukuzi hapo. Laini nyingi wanazotumia watoto zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA cha mzazi. Mtu akitaka kutuma pesa kwa simu, akishaandika namba na kiasi, jina la aliyesajiliwa linatokea kabla ya kuthibitisha, ili asikosee. Tapeli anaandika namba ya mtoto, anaweka shilingi 1,000, anasoma jina, anakatisha. Hajatumia hata senti. Kinga yake ni moja tu, namba isitoke. Daimondi hutumwa kwa namba ya mchezaji iliyopo kwenye wasifu wa gemu; anayedai namba ya simu ili akurushie zawadi anataka kitu kingine.

Mji na shule hupatikana kirahisi zaidi. Jina kama "Juma2010_Dom" limeshatoa mwaka wa kuzaliwa na mkoa. Picha ya wasifu ya WhatsApp ikiwa wazi kwa kila mtu na mtoto amevaa sare, nembo ya shule inasomeka ukiikuza. Picha iliyotumwa kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp huondolewa taarifa za mahali ilipopigwa, lakini ikitumwa kama faili au dokumenti, taarifa hizo huweza kubaki humo pamoja na latitudo na longitudo. Ndiyo maana tapeli husema "itume kama dokumenti, ubora usipungue."

Upande mwingine, kuna kitisho ambacho kwa kawaida ni kelele tupu: "nimeshaipata IP yako, najua unapokaa." Mitandao ya simu huwaunganisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti, na ramani za IP mara nyingi huonyesha mji ambako mtambo wa kampuni unatokea intaneti, siyo mahali simu ilipo. Mtoto aliye Chang'ombe ya Dodoma anaweza kuambiwa yupo Dar es Salaam. Anwani halisi ya mtu ipo kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, na hizo hutolewa kwa taratibu za kisheria, siyo kwa mtu wa kwenye chati.

La kufanya: ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya faragha, picha ya wasifu, maelezo na "aliyeonekana mwisho" vibaki kwa watu uliowahifadhi tu, na kipengele cha nani anaweza kukuingiza kwenye grupu kiwe hivyohivyo. Jina la kwenye gemu lisibebe mwaka wala mji. Na mzazi apige *106# kwenye laini yake aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wengine hukuta namba ambazo hawazijui kabisa.

Kamera, na ruhusa iliyo mbaya kuliko kamera

Riwaya hupenda kamera. Simu za miaka ya karibuni zimeibana. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyolala nyuma hairuhusiwi kufungua kamera wala maikrofoni kimyakimya. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 kuna alama ya kijani inayowaka kwenye kona ya juu kila kamera au maikrofoni inapotumika. iPhone ilianza na iOS 14 mwaka 2020, kijani kwa kamera na rangi ya chungwa kwa maikrofoni. Simu nyingi za mkononi mwa wanafunzi, zile za kurithi kwa kaka au za kununua mitumba, ni za kabla ya hapo, na hazina alama hiyo.

Hata hivyo video ina uzito wake. Ikirushwa kwa ubora duni, kilobiti 500 kwa sekunde, inakula kama MB 225 kwa saa. Bando la GB 1 linaisha chini ya saa tano bila mtoto kufungua TikTok. Mwandishi anayetaka kamera iwake usiku kucha kwenye simu tano za watoto wa Dodoma aeleze kwanza nani alinunua bando. Na mzazi anayeshuku afungue matumizi ya data kwenye mipangilio, asome orodha ya programu kwa wingi wa data. Gemu linalochezwa saa moja kwa siku halafu likawa juu ya YouTube lina maswali ya kujibu.

Ruhusa ya kuogopwa kweli ni ile ya ufikivu (Accessibility), iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa kuona au wa viungo. Programu iliyopewa ruhusa hiyo husoma kilichoandikwa kwenye skrini na hubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Mikononi mwa msomaji wa skrini kwa asiyeona, ni msaada mkubwa. Mikononi mwa faili la "daimondi zisizoisha", ni kama kumpa mwizi macho na vidole vyako. Inasoma namba ya uthibitisho inayoingia kwa meseji, inafungua programu nyingine, inajipa ruhusa zilizobaki, na ukitaka kuiondoa inabonyeza "rudi" kabla kidole chako hakijafika.

Njia yake haibadiliki sana. Faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu bila kupitia Play Store, linakuja kwa grupu au kwa kiungo chini ya video. Simu inaonya kuwa chanzo hakijulikani. Video inafundisha kukubali. Gemu linafunguka kwenye ukurasa mmoja tu wenye kitufe cha "washa ili uendelee", na kitufe hicho kinapeleka moja kwa moja kwenye ufikivu. Kuanzia Android 13 mfumo uliweka kizuizi: programu iliyotoka nje ya duka hukataliwa ruhusa hiyo mpaka mtu aende kwenye taarifa za programu, aguse vidoti vitatu vya juu, aruhusu mipangilio iliyozuiwa. Basi ukikuta video inamwelekeza mtoto kwenye vidoti vitatu hivyo, huhitaji ushahidi mwingine. Hakuna gemu linalohitaji hatua hiyo.

Na daimondi zisizoisha haziwezekani kwa sababu iliyo wazi: salio halikai kwenye simu. Linakaa kwenye seva ya kampuni, simu inaonyesha tu namba iliyoletewa. Unaweza kuibadilisha namba kwenye skrini hadi milioni, lakini ukitaka kununua kitu seva itasoma kitabu chake. Mtoto akielewa hili, APK za aina hii zinakosa soko kwake. Kulieleza kunafaa kuliko kumkataza.

Ngazi ya kazi ndogondogo

Sehemu ya riwaya iliyo karibu zaidi na ukweli ni ile ya kazi zinazopanda. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani, Freedman na Fraser, waliwaomba wenye nyumba California waweke bango kubwa, baya, la kuhimiza udereva wa uangalifu kwenye bustani za mbele. Walioombwa moja kwa moja, asilimia 17 hivi walikubali. Waliokuwa wameombwa siku za nyuma kuweka kibandiko kidogo tu cha ujumbe huohuo, asilimia 76 walikubali. Aliyekubali dogo hujiona ni mtu wa kukubali.

Ngazi ya kwenye chati inajengwa hivyohivyo. Kwanza badilisha picha ya wasifu. Halafu chora alama kwenye daftari, piga picha. Halafu amka saa kumi usiku uingie. Halafu nitumie picha yako. Kila ngazi ina thawabu kidogo, skini (vazi au pambo la mhusika wa gemu) au sifa mbele ya kundi, na kila ngazi inaacha kitu mkononi mwa msimamizi ambacho mtoto asingependa kionekane. Thawabu ikiisha, vitu hivyo ndivyo vinavyoshika kazi.

Ile amri ya kuamka saa kumi na dakika ishirini usiku, iliyokuwemo kwenye simulizi za Nyangumi, si pambo. Usingizi ukikatwa siku kadhaa mfululizo uamuzi unadhoofika na hisia zinakuwa nje nje, na saa hiyo hakuna mtu mwingine aliye macho nyumbani wa kuulizwa. Mtoto anayesinzia darasani wiki nzima akidai amesoma usiku anastahili kuulizwa kwa upole alikuwa na nani.

Siku hizi msimamizi anaweza asiwe na Kiswahili kabisa. Zamani tapeli wa nje alijulikana kwa sentensi zake za kukatikakatika. Programu za akili mnemba sasa zinaandika Kiswahili kinachopita, na sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa rekodi fupi. Ujumbe wa sauti wa "rafiki" haumthibitishi mtu. Simu ya video ya papo kwa papo, akiombwa ageuze uso pembeni na kupitisha mkono mbele yake, inampa shida zaidi, ingawa nayo si kinga kamili.

Kuua kwa skrini

Mchezo unaoingia kwenye ubongo na kuuzima ni wa riwaya. Kuna mahali pamoja tu ambapo picha kwenye skrini humdhuru mtu mwilini moja kwa moja: mwanga unaomweka haraka kwa mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Tarehe 16 Desemba 1997 katuni ya televisheni nchini Japani ilionyesha nyekundu na bluu zikipishana mara 12 hivi kwa sekunde, na watazamaji zaidi ya 600, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali. Kanuni iliyokubalika baadaye kwa watengenezaji ni mimweko isizidi mitatu kwa sekunde. Wenye hali hiyo ni wachache hata miongoni mwa wagonjwa wa kifafa, kama 3 kwa kila 100. Mtoto mwenye kifafa acheze kwenye chumba chenye taa, mwanga wa skrini ukiwa umepunguzwa, na aache mara moja akiona macho yanacheza au mkono unashtuka.

Kuhusu uraibu, tusitumie neno hilo ovyo. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kucheza magemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mambo mengine yote, anaendelea ingawa linamharibia, na hali hiyo kwa kawaida imedumu miezi 12. Mtoto anayenuna akinyang'anywa simu likizo ya Juni hajafika huko.

Pesa inavyoondoka

Hapa hakuna mhalifu, kuna hesabu tu, na kwa maoni yetu ndipo familia nyingi zaidi zinaumia. Chukua mfano: gemu lina gurudumu la bahati, skini adimu ina nafasi 1 kwa 100, kila mzunguko ni shilingi 500. Watoto hudhani mizunguko 100, yaani shilingi 50,000, inatosha. Sivyo. Nafasi ya kukosa kila mara ni 0.99, na 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 100 ni kama 0.37. Maana yake katika watoto 100 waliotumia shilingi 50,000 kila mmoja, 37 hivi wanatoka mikono mitupu. Ukifika 100,000, bado 13 hawajapata. Ukifika 150,000, kama 5. Na mizunguko iliyotangulia haikusogezi karibu, isipokuwa pale gemu linapoandika waziwazi kuwa baada ya mizunguko kadhaa utapewa tu. Tafuta sharti hilo kwenye kitufe kidogo cha kanuni.

Zawadi isiyotabirika hushikilia kuliko ya uhakika, jambo ambalo mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alilionyesha kwa njiwa miongo mingi kabla ya simu janja. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa visanduku vya bahati vya kulipia ni kamari. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani, dola milioni 245 kati ya hizo zikiwa za kuwarejeshea wateja walioingizwa kwenye manunuzi kwa vitufe vilivyopangwa kiujanja.

Kwa hapa kwetu mlango wa pesa huwa ni simu ya mzazi. Mtoto anaijua namba ya siri kwa sababu hutumwa kununua umeme wa LUKU au kutoa pesa kwa wakala. Ibadilishe, na uizoee kuificha. Kwenye Play Store, ndani ya mipangilio, weka uthibitisho wa nenosiri kwa kila ununuzi, siyo kila baada ya dakika 30. Wanaouza daimondi kwa bei chee kwenye magrupu huomba jina la akaunti na nenosiri "wakuingizie". Wakiingia wanabadilisha barua pepe ya kurejeshea, na akaunti imekwenda. Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo watoto huingia kwa simu za kuazima na kusahau kutoka. Kagua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti ya Google au Facebook inayobeba gemu, ondoa visivyo vyenu.

Kitisho cha picha

Kati ya yote yaliyotangulia, hili ndilo linaloweza kumfikisha mtoto mahali ambako riwaya hupeleka wahusika wake. Mtu anayejifanya msichana au mvulana wa rika lake anamhamisha kutoka kwenye gemu kwenda WhatsApp, Telegram au Instagram, anatuma picha ya utupu kwanza, anaomba ya kwake. Akishaipata, anarudi na picha ya skrini yenye orodha ya ndugu na marafiki wa mtoto: "Lipa 200,000 ndani ya saa moja au naituma kwa wote." Ni biashara yenye mtaji wa watu wengi. Julai 2024 Meta ilitangaza kufuta akaunti 63,000 hivi za Nigeria zilizojihusisha na utapeli wa namna hii.

Kosa la kwanza linafanyika nyumbani, ndani ya dakika kumi. Mzazi anapandisha sauti, anachukua simu, anafuta kila kitu. Ushahidi umekwenda, na mtoto amethibitishiwa alichoambiwa na tapeli, kwamba nyumbani hatasamehewa. Sentensi ya kuanzia ni fupi: "Mwanangu, umefanya vizuri kuniambia. Keti, tuangalie pamoja." Fimbo, kama mtu ana imani nayo, haisaidii lolote saa hiyo.

Usilipe. Aliyelipa 50,000 ameonyesha kwamba analipa, na dai la pili huja kabla ya jua kuzama. Usibishane naye, wala usimzuie kwanza. Piga picha za skrini za vitisho, wasifu wake, namba zake zikiwa na msimbo wa nchi, tarehe na saa vikionekana, na hasa namba ya mchezaji iliyopo kwenye wasifu wa gemu. Jina anaweza kulibadilisha kila siku. Namba hiyo hubaki. Ile picha ya utupu ya mtoto usiinakili, usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi: kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mtoto kisheria ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Baada ya hapo ripoti akaunti ndani ya programu husika, ndipo umzuie.

Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyanyaswa, kwa ajili ya picha zilizopigwa kabla ya miaka 18. Huipakii picha. Simu yenyewe huikokotoa iwe msururu wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole ya picha hiyo, na msururu huo ndio unaopelekwa kwa mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili picha inayolingana izuiwe. Ifanye kwenye simu ileile yenye picha. Udhaifu wake ni kuwa haiingii ndani ya mazungumzo ya siri ya WhatsApp, na picha iliyokatwa au kuhaririwa inaweza kupita.

Polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, uonyeshe simu yenyewe, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kama pesa imeshatumwa, piga huduma kwa wateja 100 papo hapo ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala. Ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Meseji za kitapeli zipeleke 15040. Namba 116 ni ya bure, ya kumsaidia mtoto, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila kupitia kwa mzazi.

Mtoto akisema afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake, mambo ya akaunti na ushahidi yasubiri. Usimwache peke yake hata chooni kwa muda mrefu, ondoa dawa na sumu za wadudu ndani ya nyumba, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Dodoma ina bahati ya kuwa na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe mjini hapahapa. Kwa walio Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni, anzeni na hospitali ya wilaya usiku uleule, rufaa itafuata.

Kusafisha simu

Hili lifanyike mwisho, ushahidi ukiwa umehifadhiwa kwenye simu nyingine. Zima data na Wi-Fi kwanza. Namba ya siri ya pesa na nenosiri la barua pepe zibadilishwe kwa kutumia simu nyingine safi. Ukizibadilishia kwenye simu yenye ugonjwa, programu inasoma mpya. Ingia kwenye ufikivu, zima kila huduma usiyoitambua, kisha angalia orodha ya wasimamizi wa kifaa uiondoe humo programu unayoishuku, ndipo uifute. Ikikataa, shikilia kitufe cha kuwasha, gusa neno la kuzima kwa muda mrefu mpaka simu iulize kuhusu hali salama, ikubali, ufute ukiwa humo, maana katika hali hiyo programu za kupakuliwa hazifanyi kazi. Tecno, Infinix na Samsung hutofautiana kidogo kwenye hatua hii. Ikishindikana kabisa, rudisha simu kwenye hali ya kiwandani, na usirejeshe programu kutoka kwenye nakala ya zamani: APK ile inaweza kurudi nayo. Sakinisha upya moja moja kutoka Play Store.

Fundi wa mtaani akisema atakufanyia yote kwa shilingi 5,000, kaa naye mpaka amalize. Hiyo simu ina picha za mtoto wako.